Kabla Hujatia Sahihi

Mjukuu wangu,

Jumapili ulipofika hapa Sparkbrook ulinikuta jikoni namenya mihogo. Ukaniwekea simu mbele ya macho, mkataba wa kurasa 19, maandishi madogo kama ufuta. "Babu," ukasema, "hapa ni kubonyeza tu. Kampuni kubwa ya Kimarekani hii, kila dereva ameshabonyeza." Nikakuomba usubiri. Ukasubiri, ingawa uso wako ulionyesha una haraka, na kwa utiifu huo Mungu akuzidishie. Nimekaa siku tatu nikiandika haya, maana niliyotaka kukwambia hayakuwa ya kusemwa mtu akiwa na kisu mkononi.

Nakwambia mapema: sina chuki na Wamarekani. Nimefanya kazi nao na nimekula nao, na wengine walinitendea wema ambao hata ndugu hawakunitendea. Ninachotaka ukijue ni jinsi biashara yao inavyovuka bahari. Imeshatupitia mara nyingi kabla hujazaliwa, na kila ilipopita, aliyeumia ni yule ambaye hakuuliza mwenye kauli ya mwisho ni nani.

Marekani niliijua kwanza kwa kitambaa. Bibi yangu, aliyenilea Ng'ambo, Unguja, aliita merikani kila kitambaa kizito cha pamba kisichotiwa rangi. Alishonea foronya, alishonea mifuko ya karafuu, wala hakujua kwamba anataja nchi. Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyetufungulia jambo hilo, nami nikarudi nyumbani mbio kumweleza bibi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hao watu wameingia mpaka mdomoni mwangu, nami sikuwaona wakipita."

Walipita hivi. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts alitiliana mkataba na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Wamarekani wakapata ruhusa ya kufanya biashara katika bandari za Sultani, na kwa bidhaa watakazoteremsha walipe ushuru wa asilimia 5, basi. Mwaka 1837 akafika Unguja balozi wao mdogo, Richard Waters, mtu wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Merikebu za Salem zilileta merikani, zikaondoka na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa vibao vya piano. Sandarusi ilipelekwa kusafishwa ili itengenezewe vanishi.

Waters alikuwa mtu wa dini aliyechukia utumwa, na papo hapo akatajirika kwa biashara ya mji ulioendeshwa na utumwa. Ufunguo wake ulikuwa Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi aliyekodi forodha ya Unguja kutoka kwa Sultani. Wawili hao walipatana. Mwenye forodha akiwa upande wako, mzigo wako hutangulia, na wafanyabiashara wengine, Waingereza wakiwemo, walibaki kulalamika. Angalia vizuri hapo, mjukuu wangu. Hapakulia mzinga. Mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na watu waliokuwa na faida yao katika kuufungua.

Haikuchukua miaka mingi merikani ikawa fedha. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji ilihesabu doti: hongo kwa watemi, ujira wa wapagazi, chakula cha njiani, vyote kwa kitambaa. Mwaka 1840 Sayyid Said alijaribu njia ya kinyume. Alituma merikebu yake mwenyewe, Sultana, mpaka New York, chini ya Ahmad bin Na'aman, nayo ikatia nanga huko mwishoni mwa Aprili ikiwa na pembe, karafuu, kahawa na tende. Watu wa New York walimiminika kumtazama Ahmad, na sura yake ikachorwa. Naipenda safari ile kuliko habari zetu nyingi za kale, kwa sababu siku ile sisi ndio tuliobeba mzigo wetu na kuutajia bei gatini kwao. Lakini mwaka hadi mwaka bidhaa ziliendelea kupakiwa katika merikebu za Salem.

Kisha, mwaka 1861, Wamarekani wakaingia vitani wao kwa wao kwa miaka minne. Pamba ikakatika. Mtu wa Bagamoyo ambaye hajapata kusikia jina la Virginia akaona bei ya doti inapanda, na vitambaa vya Uingereza na India vikaanza kushika nafasi. Hakuwa na kosa lolote, ila fedha aliyohesabia maisha yake ilifumwa mahali ambako hakuwa na sauti.

Usidhani hayo yalitupata kwa kuwa tulikuwa wanyonge; hata hapa Birmingham yamepita. Panda basi uende Aston. Nilipofika mji huu, ukipita pale ulisikia harufu ya siki na viungo kabla hujaliona jengo lenyewe. Ndipo ilipotengenezwa sosi ya HP, ile yenye picha ya Bunge la Uingereza kwenye chupa. Mwaka 2005 Heinz ya Marekani ikainunua. Machi 2007 chupa ya mwisho ikatoka Aston, kazi ikahamia Elst, Uholanzi, na jengo likabomolewa mwaka huo huo. Picha ya Bunge imebaki kwenye chupa.

Habari ya Cadbury ya Bournville ni kubwa zaidi, na nataka uisikilize pole pole, kwa sababu umekunywa kakao yao tangu hujaota meno. John Cadbury alifungua duka Bull Street, hapa katikati ya mji, mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao. Wanawe Richard na George wakahamishia kiwanda mashambani mwaka 1879, mahali walipopaita Bournville, na baadaye George akajenga kijiji chenye nyumba nzuri, kila moja na bustani yake. Walikuwa Wakweka, watu wa dini wasiotaka pombe, na kijiji kile kilijengwa bila baa. Sisemi walikuwa malaika. Mpaka mwaka 1909 kampuni ile ilikuwa ikinunua kakao ya São Tomé, iliyolimwa na watu wa Afrika waliokuwa watumwa kwa kila hali isipokuwa jina. Ila hapa Birmingham, mfanyakazi aliyekuwa na shida alimjua mwenye kauli, alijua nyumba yake iko wapi, na aliweza kumwona akipita.

Miaka ikapita, familia ikawa na hisa chache, kampuni ikawa mali ya wenye hisa wa soko la London na kwingineko. Septemba 2009 Kraft ya Marekani ikataka kuinunua. Watu wa Bournville walipinga, magazeti yalipiga kelele, mawaziri walinung'unika. Wakati huo huo wapo waliokuwa wakinunua hisa haraka haraka ili waziuze bei ikipanda, na kwao chokoleti, tofali au korosho ni mamoja. Januari 2010 wakurugenzi wakakubali bei ya takriban pauni bilioni 11.5. Tena nakuonyesha mlango ule ule: waliouza ndio waliokuwa ndani.

Kulikuwa na kiwanda kingine cha kampuni hiyo, Somerdale, huko Keynsham karibu na Bristol. Cadbury yenyewe ilikwishapanga kukifunga na kupeleka kazi Poland. Kraft, ilipokuwa ikitafuta kukubaliwa, ilisema inaamini itaweza kukiacha wazi. Wafanyakazi wakapata tumaini. Februari 2010, wiki moja tu baada ya kuishika kampuni, ikatangaza kwamba kiwanda kitafungwa. Mei mwaka huo chombo kinachosimamia ununuzi wa makampuni nchini kikaikaripia Kraft hadharani kwa kauli ile. Karipio likaandikwa, na kiwanda kikafungwa. Mwaka 2012 biashara ile ya Kraft ikapewa jina jipya, Mondelez, na mwaka 2014 kiwanda cha Cadbury cha Nairobi nacho kikaacha uzalishaji. Fikiri: mama wa Nairobi anayefunga kakao kwenye mashine na baba wa Keynsham anayepanga chokoleti hawajapata kuonana, na kazi zao zimekatwa na mkono mmoja. Kwa haki niseme pia kwamba Bournville bado inatengeneza chokoleti, na wapo jirani zetu wanaokula mkate kwa kazi ile.

Nimekuelezea haya kwa kirefu kwa kuwa nami yalinifika. Kiwanda nilichofanyia kazi miaka 22, cha kukata vipande vya chuma vya magari, kilinunuliwa na watu wa ng'ambo. Jina lake silitaji, na halina faida kwako. Meneja alipanda juu ya meza ya kantini akatuambia kwamba hakuna atakayepoteza kazi. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, maana bibi yako alikuwa na mimba ya mama yako mdogo na kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyenyanyua mkono kusema, "Tuandikie." Baada ya miezi 14 nilisimama kwenye lango nikitazama mashine yangu ikipandishwa kwenye lori. Kwetu tunafundishwa kwamba ahadi ni deni. Nilijifunza siku ile kwamba katika biashara ya namna hii deni ni lile lililoandikwa, tena likaandikwa na jina la atakayelilipa.

Sasa njoo mjini, simama Chamberlain Square, pale unapopapita kila siku. Joseph Chamberlain alikuwa meya wa Birmingham kuanzia 1873 hadi 1876. Mwaka 1875 aliifanya halmashauri inunue kampuni za gesi, na mwaka uliofuata maji. Alielewa kwamba mwenye bomba ndiye mwenye mji, na akataka bomba liwe la wenyeji. Faida ya gesi ikatumika mjini, na lile jumba la makumbusho lenye saa kubwa, lililofunguliwa 1885, lilijengwa kwa mkono wa kamati ya gesi.

Mtu huyo huyo alikuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1895 hadi 1903. Desemba 1902 alishuka Mombasa, akapanda reli mpya ya Uganda. Mwaka 1903 serikali yake ikawapa Wazayuni ahadi ya kukaa katika nyanda za Uasin Gishu, bila kumuuliza aliyekuwa akichunga ng'ombe wake pale. Kwa mji wake alijua thamani ya kauli ya mwisho. Kwa nchi yetu aliigawa kama peremende. Nimesoma habari zake miaka mingi, na sijaweza kumchukia moja kwa moja wala kumsamehe. Nachukua kwake lile la gesi na maji, hayo mengine namwachia yeye na Mola wake.

Na jambo jingine kuhusu mtu huyu, ambalo huwa linanishangaza: mke wake wa tatu, Mary Endicott, alikuwa Mmarekani wa ukoo wa Salem, mji ule ule ulioileta merikani kwa bibi yangu. Nyumba waliyoishi, Highbury, ipo Moseley, si mbali na msikiti tunaoswali Ijumaa. Dunia imefungwa kamba fupi kuliko tunavyodhani.

Tarehe 15 Mei 1903, katika Town Hall ya Birmingham, Chamberlain alianza kampeni ya kutaka Uingereza ilinde viwanda vyake kwa ushuru, kwa sababu Wamarekani na Wajerumani walikuwa wakilinda vyao huku wakiuza kwa wengine bila kizuizi. Nchi ikamkatalia katika uchaguzi wa 1906. Miaka 119 baada ya uchaguzi huo, Aprili 2025, Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 25 juu ya magari yanayotoka nje, na Jaguar Land Rover, walio na kiwanda hapa Solihull, wakasimamisha kupeleka magari huko kwa muda. Mwezi uliofuata serikali mbili zikakubaliana asilimia 10 kwa magari 100,000 ya mwaka. Kiwanda chenyewe ni cha Tata ya India tangu 2008, na kabla yake kilikuwa cha Ford. Rafiki yako anayefunga milango ya magari pale Lode Lane alikosa usingizi mwezi mzima, na hakuna kati ya hao wote wenye kauli aliyekuwa akilala Solihull.

Sasa lako, la udereva. Uber ilikuja nchi hii kutoka San Francisco, na mikataba yake ilisema madereva ni watu wanaojitegemea, kila mtu na biashara yake. Madereva wawili, James Farrar na Yaseen Aslam, pamoja na wenzao, walikwenda mahakamani. Kesi ikapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya Uingereza ikaamua, tarehe 19 Februari 2021, kwa sauti moja, kwamba madereva wale ni wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo. Na waliamuaje? Majaji hawakuishia kwenye jina walilopewa madereva katika karatasi. Walitazama nani anapanga nauli, nani anaandika masharti, nani anamwadhibu dereva akikataa safari nyingi. Jibu la yote lilikuwa kampuni. Mei mwaka huo kampuni ikakubali kukitambua chama cha wafanyakazi cha GMB. Ilichukua miaka, na isingewezekana kama kila dereva angebaki peke yake ndani ya gari lake akilalamika na kioo.

Na lile wazo lako la pili, la kukusanya marobota ya mitumba hapa upeleke Dar es Salaam, silikatai, ila lijue lina historia. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakashtaki kwa serikali yao. Serikali yao ikatishia kuzitoa nchi zetu katika AGOA, sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ikajitoa katika azimio, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda, iliyopandisha ushuru wa kilo moja kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50, ikashikilia msimamo, na Julai 2018 ikafungiwa mlango wa nguo. Sijui ungeamua nini ungekuwa waziri wa Nairobi mwenye maelfu ya vijana wanaoshona jinzi Athi River kwa soko hilo. Mimi nawaheshimu Wanyarwanda kwa kukubali kulipa gharama ya kauli yao.

Basi ukinisoma mpaka hapa utaniuliza, "Babu, nisibonyeze?" Sikukatazi kazi. Una mke, una mtoto wa miezi saba, na gari linaloendeshwa kwa halali ni riziki njema. Nakukataza kuingia na macho yamefumbwa. Nimeusoma mkataba wako mara mbili kwa miwani yangu mpya. Kifungu kimoja kinawaruhusu kubadilisha kiwango chao wakati wowote kwa kukutumia ujumbe tu. Kingine kinasema wanaweza kukufungia akaunti, na sijaona mahali panaposema utajitetea kwa nani. Na kodi ya gari inakwenda hata wiki ambayo umefungiwa. Andika maswali hayo matatu, watumie, ngoja majibu kwa maandishi, yahifadhi nje ya simu. Ingia chama cha madereva wiki ya kwanza, kabla ya shida, kwa kuwa anayeingia siku ya msiba hukuta viti vimejaa. Na katika kila pauni mia utakayoipata, toa kiasi ukiweke katika kitu ambacho wewe ndiye mwenye kauli yake: ule upatu wa mama yako, au kile kipande cha karafuu cha familia kule Pemba ambacho binamu zako wanakilima bila msaada wako tangu mwaka jana. Nimeongea nao kwa simu juzi. Wanahitaji mikeka ya kuanikia na fedha za wachumaji kabla msimu haujaanza, na karafuu za kipande kile hakuna aliye San Francisco wala London anayeweza kuzifunga kwa ujumbe.

Jumamosi baada ya adhuhuri nitakuwa nyumbani. Njoo na mkeo, maana kodi ya gari hilo na yeye atailipa. Tutausoma mkataba pamoja, ukurasa kwa ukurasa, na mpaka utakapokaa kwenye kiti hiki cha mbele yangu, tafadhali usibonyeze chochote.